Kesi ya Andare: jinsi kifungu cha 29 kilivyoanguka na maneno yake yakarudi

Mwaka 2015 kijana mmoja, Geoffrey Andare, alishtakiwa katika Mahakama ya Milimani, Nairobi, kwa sababu ya maneno machache aliyoyaandika Facebook. Alimwambia mtu fulani kwamba si lazima alale na wasichana wadogo wanyonge ndipo awape nafasi ya kwenda shule, na kwamba jambo hilo ni aibu. Kama tuhuma ilikuwa ya kweli au ya uongo si suala letu hapa, na aliyetuhumiwa hatutamtaja. Linalotuhusu ni kifungu alichoshtakiwa nacho: kifungu cha 29(b) cha Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya. Hati ya mashtaka ilidai kwamba alijua ujumbe huo ni wa uongo na kwamba alikusudia kumkera mlalamishi.

Mshtakiwa hakungoja kesi ya jinai iishe. Alikwenda Mahakama Kuu na Ombi la Kikatiba namba 149 la 2015 dhidi ya Mwanasheria Mkuu, Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma na mlalamishi mwenyewe. Shirika la Article 19, linalotetea uhuru wa kujieleza, liliingia kama mhusika mwenye maslahi. Tarehe 19 Aprili 2016 Jaji Mumbi Ngugi alitangaza kwamba kifungu chote cha 29 kinakwenda kinyume na Katiba. Tangu hapo mawakili wanaiita kesi ya Andare, na karibu kila ombi la uhuru wa kujieleza linaloandikwa Kenya linaitaja.

Kwa Kiswahili cha kawaida, kifungu kilisema hivi. Anayetumia mfumo wa mawasiliano wenye leseni anatenda kosa akituma (a) ujumbe unaochukiza mno, au usio na adabu, au wa kichafu, au wa kutisha. Au (b) ujumbe anaojua ni wa uongo kwa lengo la kumletea mwingine kero, usumbufu au wasiwasi usio na sababu. Adhabu: faini isiyozidi shilingi 50,000, au kifungo kisichozidi miezi 3, au vyote viwili.

Maneno hayo hayakutungwa Nairobi. Kifungu cha 43 cha sheria ya mawasiliano ya simu ya Uingereza ya 1984 kilikuwa nayo karibu neno kwa neno, na mzizi wake unafika kwenye marekebisho ya sheria ya posta ya 1935. Mtungaji wa wakati huo alikuwa akimfikiria mtu anayeinua simu kumtukana mtu mmoja upande wa pili wa waya. Kenya ilipopitisha sheria yake mwaka 1998, bado hakukuwa na Facebook wala WhatsApp. Kifungu kilikaa kimya miaka mingi, kisha ghafla kikawa kinatawala mazungumzo ya watu wengi kwa wakati mmoja. Hata kwao Uingereza maneno hayo yamesumbua. Mwaka 2010 mtu mmoja alipigwa faini ya pauni 385 kwa mzaha alioutupa Twitter kuhusu kulipua uwanja wa ndege uliofungwa kwa theluji, na ilichukua hadi Julai 2012 Mahakama Kuu ya huko kusema kwamba mzaha si “ujumbe wa kutisha”. Miaka miwili kulitafsiri neno moja.

Kasoro mbili, si moja

Watu wengi wanaposoma hukumu ya Andare husema tu kwamba kifungu kilikuwa “hakieleweki”. Hilo ni nusu ya jambo. Kifungu kilikuwa na maradhi mawili, na kila moja lina dawa yake.

Kasoro ya kwanza ni ukungu: msomaji hawezi kujua kabla ya kuandika kama atakuwa amevunja sheria. “Unaochukiza mno” unamchukiza nani? Sheria haikutoa tafsiri. Haikusema kama kipimo ni mtu wa kawaida, mpokeaji, au afisa wa polisi aliyepokea malalamiko. Jaji Ngugi alisema wazi kwamba, maneno yasipofasiriwa ndani ya Sheria, maana yake inabaki mikononi mwa kila hakimu atakayepangiwa faili. Hakimu wa Kisumu ataona tusi pale ambapo wa Lamu ataona utani wa watani.

Kasoro ya pili ni upana: hata pale unapoelewa kifungu kinasema nini, kinakamata usemi ambao Katiba inaulinda. Chukua ujumbe huu kwenye kundi la wazazi: “Basi la shule halina breki, msipandishe watoto kesho.” Tuseme aliyeandika anajua breki zipo ila zimechakaa, na ametia chumvi kusudi ili mwenye basi asumbuke azitengeneze. Anajua si kweli kamili, na anakusudia usumbufu. Hapa hakuna ukungu wowote: kwa herufi za 29(b) ana kosa. Lakini je, taifa lina haja ya kumfunga miezi 3 mzazi aliyetia chumvi ili basi litengenezwe? Kifungu cha namna hiyo ni kokoro, kinazoa dagaa na papa pamoja halafu anayelivuta ndiye anayechagua wa kuweka na wa kutupa.

Tofauti hii ina maana katika kuandika ombi. Ukungu unaponywa kwa tafsiri: bunge au mahakama ikilipa neno maana nyembamba, shida inapungua. Upana hauponi kwa tafsiri, kwa sababu neno “kero” likifasiriwa vizuri kiasi gani bado ni kero, na kero si jinai. Wakili anayelalamikia ukungu peke yake anaipa Serikali mlango wa kutokea: itaiomba mahakama ikisome kifungu kwa namna inayopatana na Katiba badala ya kukifuta, na Ibara ya 7 ya Jedwali la Sita inayozungumzia sheria zilizokuwapo kabla ya 2010 inaupa mlango huo nguvu.

Njia aliyopita jaji

Katiba ya Kenya ya 2010 inatoa uhuru wa kujieleza katika Ibara ya 33(1), kisha Ibara ya 33(2) inaorodhesha yasiyolindwa: propaganda ya vita, uchochezi wa fujo, usemi wa chuki, na utetezi wa chuki wa aina zilizotajwa hapo. Ibara ya 33(3) inamtaka kila anayejieleza aheshimu haki na sifa za wengine. Swali la kwanza basi ni jepesi: je, kero na usumbufu vimo katika orodha ya 33(2)? Havimo. Kwa hiyo Serikali ilibaki na njia moja tu, Ibara ya 24, inayoruhusu haki kuwekewa mipaka kwa masharti.

Masharti hayo ndiyo moyo wa kesi. Ibara ya 24(1) inataka mpaka uwekwe kwa sheria, na uwe wa busara na wa haki katika jamii ya kidemokrasia, kwa kuangalia aina ya haki, umuhimu wa lengo, ukubwa wa mpaka wenyewe, haki za wengine, na kama kuna njia nyingine isiyobana sana ya kufikia lengo lile lile. Ibara ya 24(2)(b) inaongeza kwamba sheria haitahesabiwa kuwa imebana haki isipokuwa iwe wazi na mahsusi kuhusu haki inayobanwa na kiasi cha kubanwa. Na Ibara ya 24(3) inaweka mzigo wa kuthibitisha haya yote juu ya Serikali.

Huo mzigo ndio uliowazidi wajibu maombi, yaani walioshtakiwa katika ombi. Hoja yao kubwa ilikuwa kwamba kifungu kinalinda sifa za watu. Lengo hilo ni halali, hakuna anayebisha. Lakini kulitaja lengo si kuonyesha kwamba njia uliyochagua inalifikia bila kuzidisha. Jaji alikumbusha kwamba sheria ya madai ya kashfa tayari ipo: aliyeharibiwa jina anaweza kushtaki, akadai fidia, akadai kuombwa radhi. Kukiwa na njia hiyo, jela inakuwa kupita kiasi, na sharti la “njia isiyobana sana” linakatika.

Kisha kuna Ibara ya 50(2)(n), ambayo wengi huisahau. Inasema mtu hatatiwa hatiani kwa tendo ambalo halikuwa kosa wakati alipolitenda. Kwa juu juu haionekani kuhusika, maana kifungu cha 29 kilikuwapo tangu zamani. Lakini kama maana ya kosa inajulikana tu siku hakimu anaposoma hukumu, basi siku ya kuandika hapakuwa na kosa linalojulikana. Ndiyo maana suala la ukungu ni suala la kesi ya haki pia, na ombi zuri huziweka ibara za 33 na 50 bega kwa bega.

Mahakama ilipata pia mwega kutoka nje. Tarehe 24 Machi 2015, Mahakama ya Juu ya India, katika kesi ya Shreya Singhal, ilifuta kifungu cha 66A cha sheria yao ya teknolojia ya habari, chenye maneno yale yale ya “kuchukiza mno”, “kero” na “usumbufu”, na adhabu ya hadi miaka 3. Kesi hiyo ilitokana na wanawake wawili waliokamatwa jimbo la Maharashtra mwaka 2012: mmoja aliandika Facebook kulalamikia mji wa Mumbai kufungwa kwa ajili ya msiba wa mwanasiasa, mwingine akabonyeza alama ya kupenda. Basi. Kwa Jaji Ngugi, mahakama kubwa kuyachambua maneno hayo mwaka mmoja kabla kulikuwa msaada mkubwa.

Pale ambapo hukumu ingeweza kubana zaidi

Kuna jambo moja la kujadili. Aya ya (a) haina sharti lolote la nia: unaweza kuandika bila kukusudia kumchukiza mtu na bado ukawa na kosa. Aya ya (b) inalo sharti, tena mawili: ujue ni uongo, na ukusudie kero. Aliyeshtakiwa alishtakiwa kwa (b). Hukumu iliyatia maneno ya aya zote mbili kapu moja na kuyafuta, mkazo mkubwa ukiwa kwenye ukungu.

Kwa maoni yetu (a) ilistahili kufa kwa ukungu na (b) kwa upana. Kujua kwamba unasema uongo si jambo lenye ukungu. Sheria za kiapo cha uongo zinalitumia kila siku. Tatizo la (b) liko kwenye madhara: kero, usumbufu, wasiwasi. Hayo ni madogo mno kubeba jinai. Kama hukumu ingelisema hilo kwa mkazo, ingekuwa vigumu zaidi kwa mtungaji wa sheria aliyefuata kudhani kwamba akiandika “kwa kujua” na “kwa kukusudia” amejitibu. Na ndivyo alivyodhani, kama tutakavyoona.

Ombi la namna hii linavyojengwa, na linapobomokea

Kabla ya yote, usikiri kosa ili ulipe faini uende nyumbani. Shilingi 50,000 zinashawishi kuliko miezi ya kupanda na kushuka Milimani, na wengi wamenaswa hapo. Kifungu cha 348 cha Sheria ya Utaratibu wa Jinai kinamnyima aliyekiri haki ya kukata rufaa, isipokuwa kuhusu ukubwa au uhalali wa adhabu. Ukishakiri, kifungu kinabaki kizima na wewe una rekodi.

Hati ya mashtaka ndiyo karatasi ya kwanza ya kuisoma kwa makini. Ina sehemu mbili: jina la kosa na kifungu chake, kisha maelezo ya kosa. Kifungu cha 134 cha sheria hiyo hiyo kinataka maelezo yatoshe kumjulisha mshtakiwa anashtakiwa nini. Pale ambapo maelezo yanarudia tu maneno ya sheria (“kwa lengo la kumkera”) bila kusema kero ilikuwa nini na ilitokeaje, umeshapata ushahidi wako wa kwanza kwamba hata mwendesha mashtaka hana maana mahsusi ya neno hilo. Iambatishe kwenye kiapo cha kuunga mkono ombi.

Ombi lenyewe linaletwa chini ya Ibara za 22, 23 na 165(3)(d), kwa kufuata kanuni za 2013 ambazo mawakili huziita Kanuni za Mutunga. Ibara ya 22(3)(c) inasema hakuna ada ya kufungua shauri la namna hii. Wajibu maombi lazima wawe Mwanasheria Mkuu, anayetetea sheria, na Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, anayeshikilia kesi ya jinai. Ukimwacha wa pili, unaweza kushinda hoja huku mashtaka yakiendelea. Siku ile ile omba amri ya muda ya kusimamisha kesi ya chini, chini ya Ibara ya 23(3)(c). Ukichelewa, hakimu anaweza kumaliza kesi kabla Mahakama Kuu haijasikiliza.

Maombi mengi yanabomoka kwa sababu ya kanuni iliyowekwa na kesi ya Anarita Karimi Njeru ya 1979: anayedai haki yake imevunjwa aseme kwa usahihi ni haki ipi, ibara ipi, na imevunjwaje. Kuandika “kifungu hiki kinakandamiza uhuru wa wananchi” hakutoshi. Nenda neno kwa neno. Neno gani, halikufasiriwa wapi, linaweza kusomwa kwa njia ngapi, usemi gani halali unanaswa nalo, na ni ibara gani inayoguswa. Ukiwa na mifano mitatu ya usemi wa kawaida ambao kifungu kinauharamisha, hoja ya upana inasimama yenyewe.

Serikali nayo itaanza na dhana kwamba sheria ya bunge ni halali mpaka ithibitike vingine. Mahakama za Kenya hupenda kuinukuu hapa kesi ya Ndyanabo, ya Mahakama ya Rufani ya Tanzania. Isome mpaka mwisho, maana inasema pia kwamba anayeegemea kipengele cha mipaka ndiye mwenye mzigo wa kukitetea. Wanaoinukuu nusu nusu hukimbia sehemu hiyo.

Baada ya 2016

Mambo yalikwenda mbio. Tarehe 6 Februari 2017 Jaji John Mativo alifuta kashfa ya jinai, kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu, katika kesi ya Jacqueline Okuta. Aprili mwaka huo Jaji Chacha Mwita alifuta kifungu cha 132, kilichoadhibu “kudhoofisha mamlaka ya afisa wa umma”, katika kesi ya Robert Alai. Ndani ya mwaka mmoja na siku chache, silaha tatu zilizotumika dhidi ya waandishi na wanablogu zilikuwa zimeondolewa.

Kisha tarehe 16 Mei 2018 Rais alitia saini Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao. Isome ukiwa na kifungu cha 29 mkononi. Kifungu cha 27, kuhusu unyanyasaji wa mtandaoni, kilikuja kikiadhibu mawasiliano ambayo, pamoja na mengine, “yanamwathiri vibaya” mtu, au ambayo kwa sehemu au kwa ukamilifu ni yasiyo na adabu au “yanayochukiza mno”. Maneno yale yale. Safari hii adhabu ilikuwa faini ya hadi shilingi milioni 20 au kifungo cha hadi miaka 10: mara 400 ya faini na mara 40 ya kifungo cha sheria iliyofutwa. Kifungu cha 22, kuhusu taarifa za uongo, kilikuja na milioni 5 au miaka 2. Kifungu cha 23 kilibeba milioni 5 au miaka 10, na mkiani mwake kikaingiza uongo unaoweza “kuharibu sifa ya mtu”, yaani kashfa ya jinai iliyozikwa mwaka mmoja kabla.

Chama cha wanablogu, BAKE, kilikwenda mahakamani, na tarehe 29 Mei 2018 vifungu 26 vikasimamishwa kwa muda. Lakini tarehe 20 Februari 2020 Jaji James Makau aliamua kwamba Sheria hiyo haipingani na Katiba, na BAKE ikakata rufaa. Wasio mawakili huuliza: inawezekanaje neno lililofutwa 2016 lipite 2020? Jibu ni la ngazi za mahakama. Uamuzi wa jaji mmoja wa Mahakama Kuu unamfunga hakimu wa chini, haumfungi jaji mwenzake. Kwake ni hoja ya kushawishi tu. Kinachofunga Mahakama Kuu ni uamuzi wa Mahakama ya Rufaa au ya Juu. Ushindi wa Andare ulikuwa dhidi ya kifungu cha sheria moja. Maneno yenyewe hayakupigwa marufuku, na bunge likayahamishia kwenye sheria nyingine yenye namba nyingine.

Majirani walipita njia yao. Uganda, Mahakama ya Katiba ilifuta tarehe 10 Januari 2023 kifungu cha 25 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta, kilichoadhibu kusumbua “amani” na “utulivu” wa mtu kwa mawasiliano ya kielektroniki, kwa hoja za ukungu na upana zinazofanana sana na za Andare. Tanzania, kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinafanya kosa kuchapisha taarifa unayojua ni ya uongo, ya kupotosha au “isiyo sahihi” kwa nia ya kukashifu, kutukana au kuhadaa umma, na faini yake inaanzia, si kuishia, shilingi milioni 5 za Tanzania.

India inafundisha jambo la mwisho kwa wanaoshika kesi hizi mikononi. Kifungu cha 66A kilifutwa Machi 2015, lakini polisi wa majimbo kadhaa waliendelea kufungua mafaili kwa kifungu hicho kwa miaka, hadi shirika la haki za raia la PUCL likarudi Mahakama ya Juu mwaka 2021, na Oktoba 2022 mahakama ikaagiza tena kwamba asishtakiwe mtu yeyote kwa sheria iliyokwisha kufa. Afisa wa zamu anafuata kitabu kilicho mezani pake, na kitabu hicho huenda kilichapishwa kabla ya hukumu. Kwa hiyo anayeitwa kituoni kwa sababu ya alichoandika mtandaoni aulize kwanza namba ya kifungu kabla ya kuandika maelezo yoyote. Akiambiwa ni 29 ya Sheria ya Habari na Mawasiliano, wakili aweke nakala ya hukumu ya 2016 mbele ya hakimu siku ya kusomewa mashtaka, na aombe hati ikataliwe papo hapo, kwa kuwa hakimu wa chini amefungwa nayo. Akiambiwa ni 27 ya sheria ya 2018, hukumu hiyo hiyo haitazuia mashtaka kusomwa. Itabidi iingizwe kama hoja katika ombi jipya, neno kwa neno, kuanzia “yanayochukiza mno”.